Kivinjari kinapozuia majibu ya hifadhidata: jinsi seva inavyofunguliwa kwa kurasa za nje

MTENGENEZAJI wa tovuti anaweza kuandika swali lake sawasawa, akalituma kwa seva ya hifadhidata iliyo wazi kwa umma, seva ikalipokea na kulijibu kikamilifu, na bado ukurasa wake ukabaki mtupu.

Akilipachika swali lile lile kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari, majibu huja bila tatizo. Akilituma kwa programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi, huja vilevile. Ni ndani ya ukurasa wake tu ndipo hakionekani kitu, isipokuwa maandishi mekundu katika dirisha la mafundi la kivinjari, yanayosema kwamba ombi limezuiwa kwa mujibu wa CORS.

Wengi wanapofikia hapo hudhani kuwa seva imewakataa, wakaanza kulibadilisha swali ambalo halikuwa na kosa lolote. Kwa kweli seva haikukataa kitu. Aliyelizuia jibu ni kivinjari chenyewe, tena baada ya jibu hilo kuwasili, kwa sababu seva haikutamka kwamba inaridhia majibu yake kusomwa na kurasa za tovuti nyingine.

CORS ni jina la kifupi la utaratibu unaoiwezesha seva kutamka ridhaa hiyo. Mfano mzuri wa seva inayoitamka ni ile ya kuulizia taarifa za Wikidata, hifadhi ya maarifa iliyoanzishwa mwaka 2012 na Shirika la Wikimedia ambalo pia huendesha kamusi elezo ya Wikipedia. Seva hiyo ya maswali ilifunguliwa kwa umma Septemba 2015, na hujibu maswali yaliyoandikwa kwa lugha ya SPARQL.

Kwa lugha hiyo mtu anaweza kuuliza, kwa mfano, waandishi wote waliozaliwa Tanzania, miaka waliyozaliwa na majina ya vitabu vyao, na kuagiza majina yaletwe kwa Kiswahili pale yanapopatikana. Ukurasa wa maktaba ya shule ulioko kwenye seva ya Dar es Salaam au Mombasa unaweza kuomba orodha hiyo kila unapofunguliwa, bila maktaba kutunza hifadhidata yake yenyewe. Yote hayo huwezekana kwa sababu ya mstari mmoja mfupi ambao seva ya Wikidata huutanguliza mbele ya kila jibu.

Kisa cha zuio lenyewe kinaanzia mwaka 1995, lugha ya JavaScript ilipoingizwa katika kivinjari cha Netscape Navigator 2. Tangu hapo kurasa zilizokuwa za kusomwa tu zikaanza kubeba programu ndogo, yaani skripti, zinazotekelezwa ndani ya kompyuta ya msomaji. Netscape ikaweka sharti kwamba skripti ya ukurasa mmoja isiweze kuchungulia yaliyomo katika ukurasa uliotoka kwingine.

Umuhimu wa sharti hilo huonekana kwa mtu aliyeingia katika akaunti yake ya benki asubuhi, kisha mchana, bila kutoka humo, akafungua ukurasa wa matokeo ya mpira. Kivinjari chake bado kinahifadhi kuki za benki, vile vipande vya taarifa vinavyomtambulisha kwa seva ya benki. Kama skripti ya ukurasa wa mpira ingeruhusiwa kuiomba benki taarifa na kuyasoma majibu, benki ingeziona kuki, ingeamini kwamba anayeuliza ni mteja wake, na salio pamoja na orodha ya malipo vingeishia mikononi mwa mwenye ukurasa wa mpira.

Kivinjari hupima chimbuko la ukurasa kwa mambo matatu: itifaki, yaani kama anwani inaanza na http au https, jina la seva, na namba ya poti. Kimoja kikitofautiana, machimbuko ni mawili hata kama mwenye mali ni mmoja. Anwani inayoanza na www na nyingine ya taasisi hiyo hiyo inayoanza na neno data ni machimbuko tofauti. Kanuni hiyo ilikuja kuandikwa rasmi Desemba 2011 katika waraka wa kimataifa unaojulikana kama RFC 6454.

Seva za hifadhidata huguswa na kanuni hii kuliko tovuti za kawaida kwa sababu mara nyingi huendeshwa kwenye poti zake zenyewe. Programu ya Fuseki, ambayo hutumiwa sana vyuoni kwa kazi za SPARQL, husikiliza kwenye poti 3030 isipopangwa vingine, na Virtuoso, inayoendesha hifadhi ya DBpedia, husikiliza kwenye 8890. Ndiyo maana mwanafunzi aliyeweka ukurasa na hifadhidata katika kompyuta moja, juu ya meza yake mwenyewe, hushangaa kuambiwa kwamba ukurasa wake ni mgeni.

Kwa miaka mingi mafundi walipita pembeni. Kivinjari kilizuia kusoma taarifa kutoka chimbuko jingine, lakini hakikuzuia kupakia skripti kutoka popote. Desemba 2005 Bob Ippolito alieleza mbinu iliyoitwa JSONP, ambayo taarifa huvikwa vazi la skripti ili zipite mlango huo ulioachwa wazi. Mbinu ilisambaa haraka, lakini gharama yake ilikuwa kubwa: ukurasa ulilazimika kutekeleza chochote seva ilichotuma, kiwe taarifa au hila. Leo hakuna sababu ya kuitumia katika kazi mpya.

Utaratibu wa CORS wenyewe ulichipuka mahali ambapo wachache wangetarajia. Machi 2004 wahandisi wa kampuni ya Tellme Networks walipendekeza kitu cha namna hiyo kwa ajili ya VoiceXML, lugha ya mifumo ya simu inayojibu wapigaji kwa sauti. Wazo likahamishiwa kwenye vivinjari, likapewa jina la CORS mwaka 2009, na mwaka huo huo Firefox 3.5 ikaanza kulitumia. Shirika la viwango la W3C lililipitisha rasmi Januari 2014. Tangu mwaka 2020 W3C imeuachia nafasi waraka uitwao Fetch, unaotunzwa na kundi la WHATWG, na huo ndio unaofuatwa na watengenezaji wa vivinjari.

Utaratibu una hatua mbili. Ukurasa unapotuma ombi kwa chimbuko jingine, kivinjari huongeza mstari uitwao "Origin" unaotaja ukurasa umetoka wapi. Skripti haiwezi kuufuta wala kuughushi. Seva ikijibu, kivinjari hukagua mistari inayotangulia jibu, ambayo mafundi huiita vichwa, kikitafuta kinachoitwa "Access-Control-Allow-Origin". Kikikuta humo alama ya nyota, maana yake kila ukurasa unaruhusiwa. Kikikuta chimbuko lililotajwa kwa jina, ni hilo peke yake. Kichwa hicho kisipokuwapo, jibu hutupwa kabla skripti haijaliona.

Hapo ndipo penye jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Ombi la kawaida huwa limekwisha kufika kwenye seva na kushughulikiwa kabla ya zuio. Kinachozuiwa ni kusomwa kwa jibu, si kutendeka kwa jambo. Kwa seva inayojibu maswali tu hilo halina madhara makubwa, lakini itifaki ya SPARQL 1.1, iliyopitishwa Machi 2013, inaruhusu pia amri za kubadilisha na kufuta taarifa, nazo zinaweza kutumwa kwa muundo ule ule ambao fomu za kawaida za tovuti hutumia. Seva iliyoacha amri hizo wazi bila nenosiri inaweza kufutiwa kila kitu na ukurasa wowote ambao mtumiaji wake ameufungua, hata kama CORS haijawashwa kabisa. Mwenye ukurasa huo hataliona jibu, lakini hana haja nalo.

Kwa maombi yasiyo ya kawaida, kivinjari hupiga hodi kwanza. Hutuma ombi dogo la utangulizi kwa njia ya OPTIONS, kikiuliza kama ombi halisi litapokelewa, na kusubiri jibu. Ombi huhesabiwa kuwa la kawaida likitumia njia ya GET, HEAD au POST, lisipobeba vichwa vya ziada, na mzigo wake ukiwa wa mojawapo ya aina tatu tu, yaani zile mbili za fomu na maandishi matupu.

Mtumiaji wa SPARQL anapaswa kulijua hili kwa sababu lugha hiyo inatoa njia tatu za kutuma swali. Likipachikwa kwenye anwani kwa GET, hakuna hodi. Likitumwa kwa POST kama fomu, hakuna hodi vilevile. Lakini likitumwa kwa POST lenyewe likiwa mzigo, kwa aina iitwayo "application/sparql-query", kivinjari hakilihesabu tena kuwa la kawaida na hodi hupigwa. Seva nyingi zilizopangwa kwa haraka hujibu vizuri maombi halisi na kushindwa kwenye hodi, na hapo fundi huona swali moja likifaulu kwa njia moja na kugoma kwa nyingine bila kubadilika hata nukta. Hata kichwa cha "Accept", kinachotaja muundo wa majibu unaotakiwa, huhitaji hodi kikizidi baiti 128, na baadhi ya maktaba za programu huandika kirefu kuliko hapo.

Kuwasha ruhusa si kazi ngumu. Kwa seva ya Apache yenye moduli ya vichwa, mstari unaohitajika ni huu:

Header set Access-Control-Allow-Origin "*"

Kwa Nginx hutumika amri ya "add_header" yenye maneno hayo hayo. Virtuoso ina sehemu yake katika ukurasa wa usimamizi, na CouchDB, iliyoanza kuukubali utaratibu huu katika toleo la 1.3 mwaka 2013, huuacha umezimwa mpaka mwenye seva auwashe. Kwa ajili ya hodi huongezwa vichwa viwili: "Access-Control-Allow-Methods", kinachotaja njia zinazokubaliwa, na "Access-Control-Allow-Headers", kinachotaja vichwa ambavyo ukurasa unaweza kuleta, hasa "Content-Type".

Tatizo huja pale mikono inapokuwa mingi. Seva ya hifadhidata mara nyingi hukaa nyuma ya Nginx au Apache, na kila moja hupangwa na mtu wake. Wote wawili wakiongeza kichwa cha ruhusa, jibu huenda likiwa na nyota mbili, na kivinjari hulikataa kwa kuwa kinatarajia thamani moja tu. Fundi anayeona kosa hilo huenda akaongeza mstari wa tatu, akidhani ruhusa haijatosha, kumbe imezidi. Dawa ni kuamua ni seva ipi itakayosema, na kuinyamazisha nyingine.

Kasoro ya pili ni ya kimya zaidi. Nginx isipoelekezwa vingine huongeza vichwa kwenye majibu yaliyofaulu na yale ya kuelekeza kwingine, si kwenye majibu ya makosa. Hivyo mtumiaji akikosea kuandika swali, seva hutuma jibu la kosa namba 400 lenye maelezo kamili ya mstari uliokosewa, lakini kwa kuwa jibu hilo halina kichwa cha ruhusa, kivinjari hulificha na kutangaza kosa la CORS. Mtu hubaki akihangaika na mipangilio ya seva, ilhali alisahau kufunga mabano. Neno "always" likiongezwa mwishoni mwa amri ya Nginx, tatizo huisha.

Ipo na ya tatu, inayozikabili seva zenye nenosiri. Ombi la hodi halibebi kuki wala nenosiri. Seva inayodai utambulisho kwa kila anayekuja huijibu hodi kwa namba 401, na kivinjari, ambacho kinataka jibu la mafanikio, husitisha safari. Njia ya OPTIONS haina budi kuachwa ipite bila kuulizwa jina. Aidha, kichwa cha "Authorization" lazima kitajwe kwa jina lake katika orodha ya vinavyoruhusiwa. Nyota peke yake haikihusu.

Seva ikitaka kurasa za nje zije na kuki za mtumiaji, masharti hukaza. Kichwa cha "Access-Control-Allow-Credentials" huongezwa kikiwa na neno "true", na nyota haikubaliki tena. Chimbuko sharti litajwe. Waandishi wa kanuni waliweka kizuizi hicho makusudi, wakijua kwamba ruhusa kwa wote pamoja na kuki ni sawa na kuirudisha hatari ile ya benki na ukurasa wa mpira.

Kwa bahati mbaya kizuizi hicho hukwepwa na wenye seva wenyewe. Badala ya kuandika orodha ya machimbuko wanayoyaamini, baadhi huiagiza seva isome kichwa cha "Origin" kilicholetwa na kukirudisha kama kilivyo, hivyo kila anayekuja akaambiwa kuwa ndiye anayeruhusiwa. Mwaka 2016 mtafiti wa usalama James Kettle alieleza jinsi kosa hilo lilivyompatia njia ya kufikia taarifa nyeti katika tovuti kadhaa, zikiwamo za kubadilishia fedha za bitcoin. Wengine huruhusu chimbuko liitwalo "null", kwa kuwa ndilo linaloonekana wakati fundi anapojaribu ukurasa uliohifadhiwa kwenye kompyuta yake, bila kufahamu kwamba mshambuliaji anaweza kuufanya ukurasa wake ujitambulishe hivyo hivyo.

Seva inayotaja chimbuko kwa jina inapaswa pia kuongeza kichwa cha "Vary" chenye neno "Origin". Bila hicho, jibu lililoandaliwa kwa tovuti moja linaweza kuhifadhiwa njiani na kupewa tovuti nyingine ambayo jina lake halimo, na kosa likawa la kuja na kuondoka.

Tukio linalokumbukwa zaidi katika upande wa hifadhidata ni la Elasticsearch, programu ya kutafutia taarifa. Matoleo yake ya kabla ya 1.2 yaliruhusu swali kubeba programu na kuitekeleza, na hayakudai nenosiri. Wenye nayo wengi waliona hakuna neno, kwa kuwa seva ilikuwa ndani ya kompyuta yao au nyuma ya ukuta wa usalama wa ofisi. Mwaka 2014 ilidhihirika kwamba ukurasa wowote wa mtandaoni uliofunguliwa na mfanyakazi wa ofisi hiyo ungeweza kukituma kivinjari chake kwenye poti 9200 na kuendesha amri ndani ya mashine. Udhaifu huo ulisajiliwa kama CVE-2014-3120. Baadaye mwaka huo ilionekana kwamba hata ruhusa ya CORS ilikuwa wazi mno, na toleo la 1.4 likaja huku ruhusa hiyo ikiwa imezimwa.

Kutokana na hayo, swali la nani aruhusiwe hujibiwa kwa kutazama taarifa zenyewe. Hifadhidata ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma bila kujitambulisha haipotezi siri kwa kuweka nyota, na kuinyima nyota ni kuwasumbua wanafunzi na waandishi wa programu bila kumzuia mwovu hata mmoja. Hifadhidata inayolindwa na kuki, au na mahali ilipo ndani ya mtandao wa ofisi, haifai kuwekewa nyota hata kwa siku moja ya majaribio, maana mipangilio ya majaribio ina tabia ya kudumu.

Ieleweke pia kwamba CORS si kufuli ya seva. Inazingatiwa na vivinjari tu. Programu inayotumwa kutoka kompyuta nyingine haiitazami kabisa, na mwenye nia ya kuilemea seva kwa maswali mazito hahitaji ruhusa yake. Kwa hiyo anayefungua seva kwa umma hana budi kuweka mipaka mingine. Wikidata, kwa mfano, hulikata swali linalozidi sekunde 60 za kushughulikiwa. Amri za kubadilisha taarifa hutengwa kwenye anwani yake na kuwekewa nenosiri, au huzimwa kabisa.

Hodi nazo zina gharama, kwani kila moja ni safari ya kwenda na kurudi kabla ya swali lenyewe, jambo linalohisika kwa msomaji wa Afrika Mashariki anapouliza seva iliyoko Marekani. Kichwa cha "Access-Control-Max-Age" hukieleza kivinjari kiikumbuke ruhusa kwa sekunde ngapi. Kisipowekwa, huikumbuka kwa sekunde tano tu. Firefox hukubali hadi saa 24, na Chrome hukomea saa mbili hata ikiambiwa zaidi. Njia rahisi kuliko zote ni kutuma maswali kwa namna isiyohitaji hodi.

Kuna zuio moja ambalo mara nyingi huchanganywa na hili. Ukurasa uliofunguliwa kwa https hauruhusiwi kuiuliza seva ya mbali inayojibu kwa http, na hakuna kichwa cha CORS kinachoweza kuliondoa. Seva hiyo sharti ipatiwe cheti chake cha usalama kwanza.

Mwenye seva anaweza kujipima kwa programu ya curl. Hutuma swali sahihi lenye kichwa cha "Origin" cha kubuni, kisha swali lililokosewa kwa makusudi, kisha ombi la OPTIONS. Kama anafungulia umma, majibu yote matatu yanatakiwa yarudi na kichwa cha ruhusa, tena kimoja tu. Kama hafungulii umma, na jina lile la kubuni likarudishwa kama lilivyo, seva yake inamkubali kila mtu.